Neli wa Uwanjani

Jukwaa la uwanja wetu lilibomolewa mwaka huu, masika yalipokwisha. Wiki habari zilipotangazwa, karibu kila niliyekutana naye sokoni Kyela aliniuliza kama Neli ameshaambiwa. Hawakuuliza habari za viongozi wa timu, wala za mafundi waliolijenga, ambao wengi wao wamelala makaburini siku nyingi. Waliuliza habari za mwanamke ambaye hajawahi kupiga mpira hata mara moja maishani mwake.

Mimi nilikuwa winga wa kushoto. Naitwa Eliud, nalima mpunga na kakao Talatala. Mume wa Neli, Ezra, alikuwa beki wa upande huohuo, yeye nyuma na mimi mbele, na kwa miaka mingi tulikimbia kwenye ukanda mmoja wa majani tukiitana kwa majina. Ndiyo maana Neli namwita shemeji mpaka leo, na yeye ananiita hivyo.

Tulipoanza, uwanja haukuwa na jukwaa wala ukuta. Ulikuwa kipande cha ardhi kati ya soko na mashamba ya mpunga, na majani yake yalikatwa na ng'ombe. Magoli yalikuwa ya mianzi. Mistari tuliichora kwa majivu, na wenye majiko ya jirani walituwekea. Masika yakifika, kona ya upande wa mashambani iligeuka dimbwi, watu wakavua kambare palepale ambapo wiki iliyopita mtu alipiga kona. Hatukuona ajabu. Mpira ukielea, refa alituambia tuendelee, na aliyejua kuogelea alikuwa na faida.

Neli alizaliwa Ikombe, ng'ambo ya Matema, kwenye ufukwe wa ziwa uliobanwa na milima. Kwao wanawake wanafinyanga vyungu na wanaume wanavua. Vyungu vikishachomwa vilipakiwa kwenye mitumbwi hadi Matema, kisha vikapanda lori kuja Kyela, vimefungwa kwa majani makavu visigongane. Siku za soko Neli alikuja na mama yake, wakapanga vyungu pembeni kabisa mwa soko, mahali ambapo soko linaishia na uwanja unaanza. Mtungi wao wa maji ya kunywa waliuweka kivulini kwenye migomba.

Siku moja wakati wa mapumziko Ezra alitoka uwanjani midomo imemkauka, akaomba maji. Neli alimchotea kwa kata ya kibuyu. Maji yalikuwa ya baridi kama yametoka chemchemi za milimani, na Ezra akasimama pale na kata yake hadi refa akapiga filimbi ya kumwita. Mechi ilipokwisha alirudi akanunua chungu. Wiki iliyofuata akanunua kingine. Aliendelea hivyo mpaka mama yake, kule Talatala, akamuuliza ni nani atakayepika katika vyungu vyote vile. Ezra akamjibu kwamba hilo ndilo alilotaka kuzungumza naye. Wazazi walikwenda Ikombe kwa mtumbwi, wakakubaliwa, na ndoa ikafungwa kanisani Kyela. Sisi wachezaji tulisimama mlangoni na jezi zetu.

Walijenga nyumba nyuma ya goli la upande wa soko, na humo akazaliwa binti yao Tumaini. Ezra aliinua msingi juu kuliko majirani, kwa sababu alikulia kwenye mpunga na maji aliyajua. Neli alikuwa na tanuri lake uani, aliendelea kufinyanga, na udongo aliletewa na ndugu zake. Kila siku ya mechi alijitwika mtungi kwenye ngata, akauweka pembeni mwa mstari wa katikati, kivulini. Alikunywa yeyote: sisi, wageni, marefa, hata mzee aliyekuwa amepita tu na baiskeli yake. Kabla ya hapo tulikuwa tunacheza dakika zote kwa mate yetu wenyewe. Wageni walioteremka kutoka kwenye baridi ya milimani walitoka wakisema joto la Kyela linaua, lakini maji yake yanafufua.

Chini ya mtungi Neli alitia mawe madogo meupe ya ziwani. Tope lilitulia katikati ya mawe, na kata ilipoingia haikulitibua. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Hakuna aliyewahi kumuuliza, kwa kuwa hakuna aliyeyaona.

Jukwaa tulilijenga wenyewe. Wanaume walifyatua matofali na kuyachoma, wanawake walibeba mchanga wa mtoni kwa ndoo, na shule zilileta watoto wa kupitisha matofali mkono kwa mkono. Mwenyekiti wa timu, Nsajigwa, aliyekuwa akinunua mpunga vijijini na kuuza Mbeya, alileta mabati kwa gari lake. Tulijaza kifusi kwanza ili jukwaa likae juu ya maji ya masika, kisha ngazi za saruji zikapanda moja baada ya nyingine, na juu kabisa tukaweka mabenchi ya mbao kwa wazee. Siku ya kwanza nilipopiga krosi na kusikia ile sauti inagonga mabati na kunirudia, nilijiona nacheza timu ya taifa. Sijawahi kusikia sauti kama ile tena.

Msimu uleule tulifika mechi ya kupanda daraja. Wageni wetu walikuwa timu ya milimani, na nahodha wao aliitwa Zebedayo, kiungo mrefu mwenye nguvu. Ilikuwa Oktoba, wakati ambao hata kuku wa Kyela hujificha. Viongozi wao walikuwa wamewakataza wasiguse chochote cha hapa, si chakula wala maji, wakaja na madumu yao. Lakini madumu yalikaa juani tangu asubuhi, na kufikia mapumziko maji yake yalikuwa ya kuogea mtoto. Kipindi cha pili misuli ikaanza kuwakaza mmoja baada ya mwingine. Tukafunga la kwanza. Tukafunga la pili kwa kichwa cha Ezra, goli pekee alilowahi kufunga.

Zebedayo hakurudi katikati kuanzisha mpira. Alitoka nje ya mstari moja kwa moja, akafika penye mtungi, akaupiga teke.

Mtungi ulipasuka. Maji yakamwagika, na yale mawe meupe yakatawanyika kwenye majani, yanang'aa. Kiongozi wao mmoja akakimbia, akaokota jiwe, akaliinua juu ili refa alione, akidai ni uchawi. Neli alikuwa amesimama na kata mkononi. Refa, mwalimu mmoja aitwaye Hezroni, naye alikuwa amekunywa maji yale wakati wa mapumziko. Alitazama jiwe, akatazama kata, akaamuru mpira uchezwe. Tulishinda mawili kwa bila.

Lakini baada ya filimbi ya mwisho niliona jambo ambalo sikulipenda. Wageni walipanda gari lao wakaondoka. Waliobaki wameinama pale penye maji, wakiokota mawe na kuyatia mifukoni, walikuwa mashabiki wetu. Ezra na Neli waliokota vigae peke yao.

Habari ilitembea haraka. Mjini walisema sasa tumejua kwa nini tunashinda nyumbani. Walisema kwa furaha, wakimsalimia Neli kwa heshima mpya ambayo ilimtisha. Siku ya pili au ya tatu Nsajigwa alikwenda kwao asubuhi na wajumbe wawili wa kamati, wamebeba sukari na sabuni. Ezra alinisimulia yote.

Walikaa, wakasalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi, wakauliza habari za Ikombe. Ndipo Nsajigwa akasema, "Mama Tumaini, sisi hatukuulizi ni nini. Tunaomba tu mechi ijayo uweke tena."

Neli akasema, "Baba, ni mawe. Nimeyaokota ufukweni kwetu. Yanashika tope."

Nsajigwa akatabasamu kama mtu anayeheshimu siri. "Ndaga fijo, asante sana, mama. Basi utuwekee hayo mawe."

Hapo Neli aliwarudishia sukari na sabuni yao, akawaambia kwa upole kwamba maji hayatakuwepo tena uwanjani, ya mawe wala ya bila mawe.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimwita. Mkubwa wao alikuwa mzee Andrea, mtu mnyoofu, mkali kwa nafsi yake kuliko kwa watu. Neli alieleza kila kitu tangu kwa bibi yake. Mzee mmoja akauliza, kama ni mawe tu, mbona watu wazima wanatembea nayo mifukoni? Neli akamwambia awaulize walioyaokota. Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini lilichukuliwa kuwa la kiburi. Wakamzuia kushiriki Meza ya Bwana hadi maneno yatulie.

Ilimuumiza kuliko mtungi. Ezra alitaka kuacha timu siku ileile. Neli akamkataza. Alisema, "Wakisikia umeacha, watasema ulikuwa unashinda kwa uchawi wangu." Kwa hiyo Ezra akaendelea kucheza, na mke wake hakukanyaga tena uwanja ambao ulikuwa unagusa ua wao.

Msimu wa daraja la juu ulitushinda. Tulifungwa ugenini, tukafungwa nyumbani, tukashuka. Wapo waliosema lawama ni za Neli, aliyetunyima. Siku za mechi alifunga mlango wa upande wa goli, akakaa uani akifinyanga. Nilipokuwa nikipita kwao baadaye, aliniuliza nani kafunga, lakini alikuwa anajua tayari. Aliweza kutambua kwa kelele tu kama ni goli letu au lao, kama ni penalti, kama mtu ameumia. Mara moja aliniambia, kabla sijakaa, "Shemeji, leo ulikosa goli tupu." Nilikuwa nimelikosa kweli. Tulicheka, na nikaona kwamba anaukumbuka uwanja kama mtu anavyokumbuka kwao.

Kanisa lilimrudisha baada ya muda, kimyakimya. Jina lilisomwa kati ya majina mengine na hakuna aliyesema tumekosea. Alishiriki Meza ya Bwana, kisha akarudi kukaa benchi la nyuma kabisa, naye zamani alikuwa wa mbele na wanakwaya. Ezra goti likamwishia, akavua njumu, akarudi kwenye mpunga. Mimi nilimfuata msimu mmoja baadaye.

Kisha yakaja masika ambayo watu wa rika letu hawayasahau. Huku kila mwaka maji yanaingia, tumezoea, tunainua magunia na vitanda na kungoja. Mwaka ule mito ilijaa yote kwa pamoja. Alfajiri maji yalikuwa kwenye vifundo vya miguu, na mchana yalikuwa viunoni. Watu wa Katumba Songwe walifika mjini na magodoro vichwani. Sehemu pekee kavu iliyoweza kubeba watu wengi ilikuwa jukwaa letu, juu ya kile kifusi tulichojaza. Wakapanda, familia kwa familia, wakapanga ngazi kama vyumba: hapa Talatala, pale Ngana, kule juu kwenye mabenchi wagonjwa na wazee. Nilikuwepo na mke wangu Tusekile na watoto. Nilikalia ngazi ambayo zamani mashabiki waliniimbia, nimeshika kuku wawili.

Tulizungukwa na maji, lakini ya kunywa hayakuwepo. Visima vilikuwa vimefunikwa na maji, na vyoo vimefumuka. Watoto walianza kulia, wengine wakashika vikombe kutaka kuchota yale yaliyo mbele yao, na mama zao wakawazuia kwa nguvu.

Nyumba ya Ezra ilikuwa juu ya msingi wake, kavu bado. Wangeweza kukaa ndani. Ezra alinieleza kwamba Neli alisimama kwenye mlango ule wa upande wa goli, ambao alikuwa hajaufungua siku ya kelele kwa miaka, akasikiliza. Halafu akaingia uani, kwenye mzigo wa mitungi na vyungu aliokuwa ameuandaa kwa soko.

Sisi tulimwona anakuja. Alikuwa katikati ya uwanja, maji kiunoni, anasukuma mitungi mbele yake. Mitungi mitupu ilielea, imefungwa pamoja kwa kamba, inayumbayumba, na yeye nyuma yake kama mtu anayeswaga ng'ombe. Ezra alifuata na ndoo ya mkaa kichwani. Wanaume tukashuka ngazi tukaingia majini kuwapokea.

Tuliweka mafiga kwenye ngazi ya chini. Mkaa ulipokwisha, Nsajigwa, ambaye ghala lake la mpunga lilikuwa limezama lote, alipanda juu mwenyewe akang'oa mbao za mabenchi, akazipasua, akachochea. Tulikinga maji ya mvua kwenye mabati. Neli alichuja kwa kanga, akachemsha, akaacha yapoe kwenye mitungi, akagawa. Watoto kwanza, kisha wanaonyonyesha, kisha wagonjwa. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Aliyejaribu kupita foleni alirudishwa kwa jina lake.

Mzee Andrea alikuwa kule juu na mkewe aliyekuwa na homa. Neli alipowafikia na kikombe, yule mzee alishindwa kukipokea.

"Mwanangu," alisema, na ngazi mbili tatu zote zilisikia, "mimi ndiye niliyekuzuia Meza."

"Mnyweshe mama kwanza, baba," Neli akamwambia. "Maneno yatakuwepo."

Tulikaa pale hadi maji yalipoanza kushuka, na katika umati ule wote hakuna aliyekufa kwa kuhara. Jumapili ya kwanza baada ya mafuriko kanisa lilikuwa bado na tope sakafuni. Mzee Andrea alisimama, akaeleza kosa lake mbele ya watu wote, akaomba msamaha. Neli aliinuka kwenye benchi la nyuma, akaja mbele akampa mkono, kisha akaenda kukaa na kwaya.

Msimu ulipoanza upya alirudi pembeni mwa mstari. Safari hii alikuja na mitungi miwili, na hakuficha mawe. Aliyaosha mbele ya watu na kuyatia mtu akiona. Hakuna aliyetaka kuyaiba tena. Miaka ile, kwangu mimi, ndiyo uwanja wenyewe. Timu haikupanda tena daraja, lakini Jumamosi jioni ulikuta mji wote pale, wenye kakao na wenye samaki, wakiuliziana habari za mashamba huku mpira unachezwa. Ukichelewa kufika, uliyekutana naye alikueleza mechi nzima kabla hujakaa.

Mambo yalibadilika polepole. Wachezaji wakaanza kuja na chupa za plastiki, kila mmoja na yake. Kwanza Neli aliendelea kwa ajili ya marefa na wazee. Kisha ikafika siku akaona mtungi umejaa vilevile kama alivyouleta. Hakulalamika. Aliubeba nyumbani, akamwagilia migomba, akasema kazi imekwisha. Ezra alifariki miaka michache baadaye. Tulimzika Talatala, na wale tuliobaki wa kikosi chetu tulibeba jeneza, tukipokezana kwa sababu ya magoti.

Mwaka huu walipotangaza kujenga jukwaa jipya, nilikwenda kumwambia. Alikuwa anajua, bila shaka. Siku ya kubomoa halmashauri ilifanya sherehe ndogo. Wakongwe tulicheza kwa muda mfupi, nikapiga krosi moja iliyokwenda sokoni, watu wakapiga makofi ya huruma. Kijana mmoja akasoma historia ya uwanja kwenye kipaza sauti: mwaka uliojengwa, wageni rasmi waliowahi kufika, timu zilizocheza. Mafuriko hayakutajwa. Nilimtazama Neli, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki na binti yake Tumaini.

"Wamekuruka," nikamwambia.

"Shemeji, waliolala pale wanajua," akasema. "Na watoto wao nao wanajua. Wanatosha."

Mashine ilipoegemea nguzo ya kwanza, mabati yalilia, na niliona amefumba macho, anasikiliza.

Sasa mechi zinachezwa kwenye kiwanja cha shule, mbali na kwao. Tumaini aliniambia kwamba mama yake hawezi kuzoea ukimya wa Jumamosi. Anafua vitu ambavyo ni safi. Mwezi uliopita aliamua kwenda Ikombe kukaa na mdogo wake hadi jukwaa jipya likamilike. Nilimsindikiza Matema. Boti ya injini ilikuwa imepakia saruji na kreti za soda, na nahodha wake, aliyemfahamu tangu utoto, alimtafutia mahali pazuri pa kukaa. Aliniambia nimsalimie Tusekile, na kwamba Kyala, yaani Mungu, akipenda atarudi siku ya mechi ya kwanza. Niliahidi kumpigia simu.

Nilirudi Talatala jioni ileile. Ilikuwa Jumamosi. Nilivaa viatu, nikatoka hadi barabarani, nikakumbuka kwamba pale uwanjani hakuna mechi, nikarudi kumsaidia mke wangu kuanua kakao.